Kauli ya Nne ya Jildou

Msimamizi wake hakumkataza. Profesa Terpstra alikuwa mtu wa kupinga kwa adabu, na Jumatatu ile, katika mkahawa wa kitivo, aliisukuma karatasi ya kauli upande wa Jildou kwa kidole kimoja, kana kwamba ina mafuta.

"Hii ya nne," alisema. "Iondoe."

Pale Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, tasnifu ya udaktari huambatana na karatasi ya kauli ambazo mtahiniwa yuko tayari kuzitetea hadharani. Ya mwisho kwa desturi huwa ya mzaha. Ya Jildou ilisema kwamba ng'ombe wa Friesland ana utaratibu kuliko mashine ya kahawa ya kitivo, na hiyo hakuna aliyeipinga. Ya nne ilisema kwamba nadharia ya malimwengu mengi bado haijaeleza kwa nini jambo lenye uwezekano mkubwa hutokea mara nyingi zaidi, na hadi ieleze, hakuna ajuaye kama malimwengu hayo yapo.

"Ni kosa, Profesa?"

"Si kosa. Ni mapema. Ile nafasi ya utafiti niliyokuahidi ni ya kujenga juu ya nadharia hii. Siwezi kumpa kazi ya kuezeka mtu asiyejua kama nyumba ina msingi."

"Na isipoondoka?"

"Utaitetea. Mimi mle ukumbini sina ruhusa ya kukusaidia, wala sitaki."

Haikuondoka.

Siku ya utetezi, kaka yake Sjoerd, daktari wa mifugo, alisimama kando yake kama msindikizaji, amevaa koti la mkia la kukodi lililombana mabegani.

"Nikipumua vizuri, kifungo kitamtoa profesa jicho," alinong'ona.

"Basi usipumue."

Maswali ya mwanzo yalipita bila taabu. Kisha Profesa Verhulst, mpinzani, yaani mtahini, aliyealikwa kutoka chuo cha Ghent, akainua ile karatasi.

"Mtahiniwa mheshimiwa, kauli ya nne. Wafafanulie hata waliokaa nyuma."

"Mpinzani msomi, tuchukue chembe inayoweza kwenda kushoto au kulia. Mlinganyo wetu wa fizikia ya chembe unasema njia zote mbili zipo kwa pamoja, na hakuna mahali ndani yake ambapo njia moja inafutwa. Tukiuamini bila kuuongezea kitu, basi tunapopima, zote mbili hutokea: katika ulimwengu mmoja chembe inaonekana kushoto, katika mwingine kulia. Hoja ni safi, ndiyo maana wengi wanaikubali."

"Kasoro iko wapi?"

"Tunaweza kuiandaa chembe hiyo iende kushoto mara tisa katika kila kumi, na vipimo vinathibitisha. Sasa kama zote mbili hutokea kila mara, hiyo tisa ni hesabu ya nini? Majibu yapo, likiwemo la msimamizi wangu. Kila nililosoma, mahali fulani linaazima kile kile linachotakiwa kuthibitisha."

Terpstra alikuwa akitazama dari.

"Basi nikuulize waziwazi," alisema Verhulst. "Msimamizi wako ameandika kwamba malimwengu hayo yapo. Yapo au hayapo?"

Mlango ukafunguliwa. Mshika fimbo wa chuo, mwanamke mwenye joho jeusi, akaja hadi katikati ya ukumbi, akagonga sakafu, akatangaza kwa Kilatini kwamba saa imetimia. Akishatamka hivyo mtihani umekwisha, hata kama mtahiniwa amefungua kinywa.

"Umeokoka," alinong'ona Sjoerd. "Nyamaza."

"Mtahiniwa anaweza kumalizia jibu kwa sentensi moja, au kuliacha," alisema mwenyekiti wa jopo. "Yote mawili ni halali."

Jildou alimtazama Terpstra, ambaye sasa alikuwa ameshusha macho.

"Sijui," alisema, "na katika tasnifu yangu nzima hakuna kinachomruhusu mtu yeyote kusema anajua."

Shahada alipewa. Hotuba ya kumsifu aliisoma Terpstra mwenyewe, kwa haki, bila kuruka kitu. Kisha kwenye tafrija, kati ya bilauri na vitonge vya nyama vya kukaanga, akamfuata.

"Hongera, Daktari. Hilo neno 'yeyote' lilikuwa la lazima?"

"Bila hilo, sentensi ingekuwa nusu."

"Nafasi nitampa mtu mwingine. Si adhabu."

"Naelewa. Ila kwa hesabu zako, Profesa, kuna ulimwengu ambamo umenipa."

"Uamuzi wangu si chembe, na unalijua hilo."

"Nalijua. Natania tu."

"Kama ulimwengu huo upo," alisema Terpstra, akichovya kitonge kwenye haradali, "namhurumia huyo Terpstra mwenzangu."

Alipoondoka, Sjoerd akasogea. "Amekunyima?"

"Ameninyima."

"Si nilikwambia unyamaze? Na mwenyekiti kasema kuliacha jibu ni halali. Hebu niambie, mdogo wangu, ungejua itakuwa hivi, bado ungesema?"

"Nilijua," alisema Jildou, akampisha mama yao aliyekuwa akija na kamera.