Chini ya Saba

Baba yetu, Mwalimu Mazengo, ndiye aliyekuwa msoma matokeo wa Chemba nzima. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, watu walimjia na simu zao, wazee kwa vijana, awasomee na kuwafafanulia. Na sauti aliyojaliwa! Mtoto wako akipata divisheni wani ya pointi saba, mtaa wa pili walisikia. Kwetu saba ndiyo kilele, maana pointi zikipungua ndivyo mtu anavyokuwa amefaulu zaidi. Hilo kila mzazi wa nchi hii analijua.

Basi mdogo wangu Loisi, muuguzi, akapata nafasi ya kazi Ayalandi. Sharti lilikuwa afanye mtihani wa Kiingereza, apate saba katika kila sehemu: kusoma, kusikiliza, kuongea na kuandika. Hospitalini alishaacha kazi ili ajiandae. Matokeo yaliingia kwenye simu yake tukiwa tunapura mtama uani, majirani wamejaa. Baba akamnyang'anya simu, akavaa miwani.

"Walitaka saba," akanguruma. "Huyu kapata sita! Na kwenye kuandika, tano na nusu! Tangu nianze kufundisha sijaona mtu akishuka chini ya saba!"

Weee! Vigelegele vilipigwa mpaka kuku wakakimbia. Baba akalia, mzee yule ambaye hata mama alipofariki hatukuliona chozi lake. Beberu akachinjwa palepale. Mimi huyo, naserebuka na ungo mkononi, na Loisi peke yake ndiye aliyebaki amekaa.

Tulipokuwa tunaosha masufuria ndipo akaniambia. Mtihani ule si kama wa kwetu. Namba ikiwa kubwa ndiyo umefaulu, na ya juu ni tisa. Kwa tano na nusu yake, Ayalandi hapaoni.

"Kamwambie baba sasa hivi," nikasema, "la sivyo nakwenda mimi."

"Dada, nakuomba. Si umemwona alivyolia? Nitarudia mtihani kimyakimya. Nikiipata hiyo saba naondoka zangu, wala hatajua."

"Wewe una wazimu!" Nilimsema sana siku ile, na sijutii. Lakini siri ilikuwa yake, na alinishika miguu.

Kanisa likamwombea safari. Baba akavaa suti, akamsindikiza stendi. Loisi akapanda basi la Dodoma, akashuka Msalato, kabla ya kufika mjini, akapanga chumba. Mtihani akaurudia, kwenye kuandika akapata sita na nusu. Akarudia tena, ikawa ileile, na Ayalandi nafasi wakampa mtu mwingine. Akaishia kuwa mama ntilie, anawapikia wali maharage mafundi wanaojenga uwanja wa ndege. Kila Jumapili alipiga simu: "Baba, huku baridi kali." Nyuma yake nasikia makatapila yananguruma, na hasira zinanipanda mpaka kichwa kinauma.

Mwanzoni baba alimuuliza habari za theluji. Baadaye akaacha. Akawa anauliza tu, "Umekula, mwanangu?"

Kisha kiharusi kikampiga, upande mmoja ukafa. Asubuhi moja akaniita kitandani.

"Angelina, mpigie Loisi. Mwambie basi la Kondoa linapita hapohapo Msalato. Aje."

"Baba, kumbe unajua?"

"Raphael, yule mwalimu kijana wa Kiingereza, alinielewesha zile namba. Na makondakta wa basi wakaniambia wanamwona Msalato. Nilikuwa namngoja aniambie mwenyewe."

Nikatoka nje kupiga simu. "Loisi, baba anajua kila kitu. Panda basi, njoo."

Akacheka kicheko kibaya. "Unanidanganya ili nije, dada. Akiniona na masizi haya, si ndiyo nitamuua?"

"Nakuapia kaburi la mama!"

"Tumeshadanganya sana, mimi na wewe. Nitakuaminije?" Akakata, akazima simu kabisa.

Baba aliendelea kuuliza kama basi limepita. Nikawa namjibu bado. Jioni akakata roho, uso ameuelekeza mlangoni.

Nilimtumia Loisi ujumbe wa msiba, akaja kesho yake kwa basi la kwanza, khanga inanuka moshi, miguu vumbi tupu. Niliinuka mkekani nikamshushie mvua ya maneno mbele za watu. Mzee Daudi, jirani yetu, akaniwahi.

"Shikamoo, mzee," Loisi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Kaa hapa."

Wanawake wakasogea, wakampisha. Hakuna aliyetaja ndege. Loisi akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona hamniulizi nimetoka wapi?"

"Baba yako alitukataza," Mzee Daudi akamjibu. "Kabla hajaugua alipita nyumba kwa nyumba, akatuambia matokeo yako aliyasoma vibaya, kosa ni lake. Akatuomba siku ukirudi, mtu asikuulize kitu."

Loisi akaanguka kwenye mkeka, akawa anamwita baba kwa sauti kubwa. Matusi yote niliyomwandalia yakanikaukia mdomoni. Nikakaa chini, nikamshika.