Ile Yenye Makelele

Mume wangu Musafiri ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kupanga. Akiona viatu vimekaa ovyo mlangoni hawezi kunywa chai yake kwa amani. Sasa mpe mtu kama huyo kompyuta iliyojaa nyimbo, uone! Hapa Alunguli, mtaa wetu wa Kindu, yeye ndiye anayeitwa kupiga muziki kwenye ndoa na matanga, na nyimbo zake ni za aina mbili. Kuna zake mwenyewe, alizozikusanya miaka na miaka kutoka kwenye flashi za watu, nyingine hata jina hazina. Na kuna za mtandaoni, ambazo binti yetu Falone aliyeko Kinshasa anamlipia kila mwezi. Hizo zinakuja na picha nzuri na jina la mwimbaji, lakini si zako. Mtandao ukikosekana siku nyingi, zinagoma. Zile za zamani hazigomi, ila zinaishi ndani ya mashine moja tu. Kwenye simu yake, inayoonyesha majina ya nyimbo zote za kompyuta, utaliona jina la wimbo wa zamani limefifia, ukiligusa, kimya.

Musafiri amezichanganya zote kwenye orodha moja, za ndoa upande wake, za matanga upande wake. Zamani nilikuwa namcheka. Siku hizi simcheki.

Katika zile za zamani kulikuwa na wimbo wa kaka yangu Édouard. Aliimba katika orkestra ndogo ya hapa Kindu wakati wa vita, siku zile treni haiji, chumvi tunailamba kwa ncha ya kidole, na muziki unapigwa mchana kwa sababu jua likizama kila mtu anatakiwa awe ndani. Mama yetu, Mama Jeannette, alikuwa mwoga wa askari, akifunga mlango mapema. Édouard hakujua saa. Alibaki nje akibisha mpaka majirani wakamtukana.

Basi siku waliporekodi wimbo wao, kwa redio-kaseti iliyofungwa kwenye betri ya gari, alimtupia Mama libanga. Ndiyo desturi yetu: katikati ya wimbo, gitaa zikishapamba moto, mwimbaji anaita jina la mtu, na mwenye jina anavimba kichwa wiki nzima. Matajiri hulipia waitwe. Mama aliitwa bure.

"Mama Jeannette wa Alunguli, mulango usifunge, niko nakuya!"

Wenzake waliangua kicheko, na kicheko chao kikaingia kwenye kaseti pamoja na makelele ya ile betri.

Siku chache baadaye alichukua baiskeli akaenda upande wa Kailo kututafutia muhogo. Hakurudi. Mama alikuwa anasimama barabarani na kumuuliza kila aliyetoka huko kwa miguu, "Hamukumuona Édouard?" Nao walimjibu kwa huruma, "Bado, Mama." Vita ikaisha, barabara ikajaa pikipiki, na jibu halikubadilika.

Mlango wake hakuufunga tena. Anauegemeza jiwe ubaki wazi, usiku na mchana. Mbuzi wakaibwa, sufuria zikaibwa, na mwaka jana mwizi alimsukuma akaanguka, akavunjika mkono. Tulimsihi mpaka tukachoka. Halafu asubuhi moja, mkono ukiwa bado umefungwa, alisema mwenyewe:

"Tufanye matanga ya Édouard, tuimalize. Lakini yeye aniite kwanza mu wimbo yake. Minataka nimujibu. Nitamuambia nilimungoya, nimechoka, sasa ninafunga."

Nililia kwa furaha, sifichi. Nilimwona mama yangu amelala nyumbani kwake, komeo limepita, na mimi nimelala kwangu bila wasiwasi.

Kaseti yenyewe haikuwepo tena. Ilikatikia ndani ya mashine ya bwana mmoja aliyetuhamishia wimbo kwenye flashi, na flashi nayo baadaye ikafutwa ibebe nyimbo za kwaya. Hatukujali. Wimbo ulikuwa kwenye kompyuta ya Musafiri, na kitu cha mtu anayepanga namna ile kitapotea vipi?

Juma la matanga Musafiri akaanza kusafisha orodha yake. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga mikate ya wageni. Akaniita kutoka sebuleni.

"Mama Falone! Wimbo ya shemeji iko mara mbili. Moja iko na picha, ingine iko na makelele. Kuya usikie, nibakishe gani?"

Akaupiga ule wenye picha. Nilisikia gitaa zile zile, maneno yale yale, na sauti karibu ile ile, safi kabisa. Nikadhani mashine imeusafisha yenyewe, maana mashine za siku hizi zinafanya mambo. Sikusikiliza mpaka katikati. Mafuta yalikuwa yanaruka, na mimi nikiitwa nikiwa kazini damu inanichemka upesi.

"Bakisha ile ya muzuri! Ile yenye makelele ufute, tena uniache na kazi yangu!"

Akafuta. Na kwa kuwa ni Musafiri, alifuta sawasawa: kwenye orodha, kwenye mashine, hata kwenye lile pipa ambamo vitu vilivyofutwa husubiri kuhurumiwa. Nafasi iliyobaki akaijaza nyimbo nyingine siku hiyo hiyo. Simlaumu. Alinioa baada ya vita, hakuwahi kumsikia Édouard akiongea. Alijua kwamba wimbo ule unamwita Mama. Angejuaje kwamba wimbo ule ule unaweza kumwita mtu mwingine?

Siku ya matanga ilikuwa Jumamosi mchana. Tuliazima viti, tukapika wali na sombe ya majani ya muhogo, ndugu wakaja kutoka ng'ambo ya mto. Mama alivaa kitenge chake cheusi, ambacho angekivua baada ya wimbo, akasimama karibu na spika. Musafiri alisimama mbali kidogo na mama mkwe wake, kama inavyotakiwa. Akabonyeza.

Mama alifumba macho. Gitaa zikapanda, zikafika pale panapojulikana, nikamwona anavuta pumzi.

"Patron Masudi wa Kampene, muntu ya dhahabu!"

Kisha jina la tajiri mwingine. Kisha kiitikio. Mama alibaki mdomo wazi, jibu lake likiwa bado ndani.

"Huyu njo nani?" akauliza.

Alikuwa Henri, aliyekuwa sauti ya pili katika orkestra ile. Alikimbilia Goma, na siku hizi ameuimba upya wimbo ule na kuuweka mtandaoni, jina la Édouard akaliandika vizuri kama mtungaji. Hana kosa. Anaita wanaomlisha, kila mwimbaji hufanya hivyo. Édouard ndiye aliyemfundisha kuimba mpaka sauti zao zikawa ndugu, nami nilikuwa mtu pekee pale nyumbani ambaye angeweza kuzitenganisha.

Musafiri aliinamia kompyuta, akafungua huku, akafungua kule. Mzee mmoja wa ukoo akataka kuokoa mambo.

"Mama Jeannette, mujibu tu. Kule iko, atasikia."

"Nitajibu nani?" Mama akasema. "Hakuna muntu ameniita."

Hakupiga kelele. Aliketi, akatuambia tuwape wageni chakula kabla hakijapoa. Kitenge cheusi hakukivua.

Tulimpigia Henri simu. Alilia aliposikia, lakini hakuwa na kaseti. Fundi wa kompyuta ng'ambo ya mto alituambia kwamba kilichofutwa kikishaandikiwa kingine juu yake hakirudi. Kilichobaki ni jina la wimbo kwenye simu ya Musafiri, katika nakala ya zamani ya orodha, limefifia. Yeye aliyefuta kila kisicho na kazi, hilo hathubutu kuligusa isipokuwa kwa kulijaribu.

Najuta. Sebule yetu iko karibu na jiko kiasi kwamba moshi wangu unamkohoza mume wangu. Ningetoka tu, nikae chini, nisikilize mpaka katikati. Mikate ingeungua, tungekula iliyoungua.

Jumapili iliyofuata nilijaribu dawa yangu ya kijinga. Nilisimama mbele ya Mama nikamwimbia pale mahali, kwa sauti nene kama ya kaka: Mama Jeannette wa Alunguli, mulango usifunge. Aliniacha nimalize. Akanishika shavu.

"Weye uko Germaine," akasema. "Weye nilikuona tangu asubuhi."

Tangu hapo, kila tukitoka misa tunampitishia sukari na sabuni. Anatungoja pale mlangoni, jiwe liko mahali pake, mkono ule haujanyooka vizuri. Mimi ananisalimu tu. Swali anamuuliza Musafiri, kwa heshima, macho yakiwa chini, kama alivyowauliza wale wa barabara ya Kailo.

"Mukwe, hamukumuona Édouard?"

Musafiri anatoa simu, anagusa lile jina lililofifia, anangoja. Kisha anairudisha mfukoni.

"Bado, Mama."