Miiba Juu ya Kaburi la Asiya

Mrehani, jamani, ni mmea wa kudeka. Khamisa alikuwa ameupanda mara nyingi juu ya kaburi la binti yake, nyuma ya nyumba yao kule Diani, na kila mara jua liliukausha. Naye hakutaka kaburi la Asiya likae tupu. Alilelewa akiambiwa kwamba jani bichi hulitaja jina la Mola juu ya maiti, na likikauka hunyamaza. Mtoto mwenyewe alichukuliwa na homa, hata kusema hajajua vizuri.

Mwaka ule wa uhuru, mama mmoja wa Kizungu ambaye Khamisa alikuwa akimfulia nguo alifunga virago kurudi kwao. Alimwachia mche kutoka bustanini mwake, wa majani magumu na maua ya samawati yaliyozungukwa na miiba.

"Huu wataka jua na mchanga," alimwambia. "Ila ukishaupanda, usiuhamishe."

Khamisa akaupanda kaburini. Kiangazi kilikuja kikaunguza hata mihogo, lakini mmea ule ulisimama na ubichi wake, na mwaka uliofuata ukachanua. Moyo wake ukatulia kidogo.

Basi mavyaa wake, Bi Tumu, mama wa mumewe, akaiona ile miiba. Lo!

"Mjukuu wangu umemlaza chini ya miiba? Alikukosea nini? Kesho naung'oa kwa mkono wangu!"

Mavyaa hajibiwi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye Khamisa aliumeza wake.

Asubuhi Bi Tumu alikuja na jembe. Akachimba pembeni, akashika shina, akavuta. Wapi! Mzizi ulikuwa mnene kama kidole gumba, nao umeshuka wima. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono mpaka kiwiko kikazama, na mzizi bado waenda chini.

"Mama, niwie radhi," Khamisa alisema. "Ukizidi hapo utamfikia."

Bi Tumu aliganda, mkono ungali shimoni. Kisha akalia, yeye ambaye matangani hakuna aliyeona chozi lake. Alilia kwa kwikwi mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

"Uache," alisema hatimaye. Akaanza kuurudisha mchanga kwa viganja, polepole. "Siku ile wanaume walimchukua wakaenda kumfukia, sisi tumekaa ndani. Hata konzi moja ya mchanga sikumtilia."

Akasogea kando, akampisha Khamisa.

"Njoo, mwanangu. Nawe mtilie."