Mbegu Kwenye Foronya

Manyunyu ya kwanza yalipogonga mabati, Baba Kalenda aliruka kitandani utadhani kaumwa na siafu.

"Mvua hiyo! Mbegu ziko wapi?"

Jina la Baba Kalenda alipewa kwa sababu alipanda tarehe ileile aliyopanda marehemu baba yake, hata dunia ipinduke. Mkewe akajitia hamnazo. Misimu miwili mfululizo manyunyu ya namna hiyo yaliwaingiza mjini: wakapanda, mvua ikala kona, mahindi yakachipua na kukauka. Sasa mbegu zilizobaki ni hizo tu, na zikipotea, mwaka huu watatafuna mawe. Basi mama wa watu, Mungu amsamehe, alikuwa amezishonea ndani ya foronya ya mumewe.

Baba Kalenda akapekua ghala, akapekua jikoni, akachungulia mpaka kwenye viatu. Akilala, analalamika.

"Mke wangu, huu mto una kokoto?"

"Shingo yako ndiyo ngumu, bwana," anajibiwa, na mwenzake anang'ata shuka asicheke.

Majirani walishapanda kwa manyunyu yaleyale. Mke huyo walimbatiza Mama Kesho, maana kila asubuhi alichimba shimo shambani, akatumbukiza mkono, akatangaza, "Kesho! Chini bado kukavu." Wakacheka, naye akacheka nao, ingawa moyoni hofu ilimtafuna. Je, kama mvua yenyewe ndiyo ile, na yeye kaiacha ipite? Lakini jua likawaka, na miche ya majirani ikanyauka.

Kulipokucha siku moja, mbingu zikafunguka. Mama Kesho akatoka mbio, peku, akachimba, akatumbukiza mkono. Tope mpaka kwenye kiwiko!

"Leo! Jamani, leo!"

Akarudi ndani huku akirukaruka, akauchomoa mto chini ya kichwa cha mumewe, akaichana foronya kwa meno. Mahindi yakamwagika kitanda kizima.

Baba Kalenda akazitazama mbegu, akamtazama mkewe aliyejaa matope. Mama Kesho akajikunyata, akingoja radi ya ndani ya nyumba. Badala yake kicheko kikamtoka mzee, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Wakateremka shambani wamelowa chapachapa, wanasukumana na kuteleza kama watoto. Ukingoni mwa shamba mume akasimama. Tangu waoane, mstari wa kwanza wa kupanda ulikuwa wake, na hakuwahi kumuuliza mtu. Akamkabidhi mkewe jembe.

"Haya, mama," akasema. "Tuanzie wapi?"