Zamu ya Kumchunga Jirani

Naandika haya kwa heshima zote, mimi niliyeuvalisha soksi ulimi wa kengele ya bweni hadi shule nzima, mwalimu mkuu akiwemo, ikapitiliza usingizi. Likizo hii nilipelekwa kwa baba, mpima nyota, juu ya mlima usio na duka, mtandao wala mtu wa kuchokoza. Binamu zangu wote walikuwa kwa bibi, wakicheka bila mimi.

"Nyota yangu ikififia leo," baba aliniahidi, "ujue sayari imepita mbele yake. Kazi imekwisha, kesho twende kwa bibi. Isipofifia, tuko hapa hadi shule zifunguliwe."

Sasa, nyota haipimwi peke yake. Unaitafutia nyota jirani, mwenye tabia ya kutulia. Ikififia yenyewe tu, ni sayari. Wakififia wote wawili, ni wingu jembamba linapita, na kazi ni bure. Baba alitazama mstari wa mwanga wa nyota yake kwenye kompyuta. Mimi nikakabidhiwa mstari wa jirani, kwenye kompyuta ya pili. Tulikaa tumepeana visogo. Tangu chai hatukuwa tumesemeshana.

"Inashuka!" Baba aliruka. Sikuwahi kumwona akiruka. "Inashuka, mwanangu! Jirani vipi?"

Nikamtazama jirani. Mshenzi yule naye alikuwa anateremka, polepole, kama mwanafunzi anayenyata kutoka darasani.

"We mtundu, nakuuliza! Jirani katulia?"

Neno moja tu, na kesho ningekuwa kwa bibi. Nimewadanganya walimu, matroni, hata daktari wa meno. Lakini baba alikuwa anacheka kwa sauti, uso ukutani, na mlima mzima haukuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Naye anashuka, baba."

Kicheko kikakatika. "Unanitania?"

"Laiti."

Akaja, akainama begani kwangu, akaona. "Wingu," akasema, na sauti yake ikawa ndogo kuliko chumba.

Kisha akaburuta kiti chake, akakiweka kando ya changu, tukawa tunaitazama ile mistari miwili ikishuka pamoja.

"Ile soksi ya kengele," akauliza hatimaye, "ilikuwa ya nani?"

"Yako, baba."

"Haya. Nihadithie tangu mwanzo."

Nikamhadithia taratibu, nikiibana isiishe upesi. Likizo ilikuwa bado ndefu, na hadithi nilikuwa nayo hiyo moja.