Stesheni Ndani ya Mkono wa Koti

Wafanyabiashara wa Johannesburg waliokwenda Guangzhou walipita kwanza kwa Masika, fundi cherehani wa Jeppestown. Mji ule una stesheni kadhaa kubwa za treni, na asiyesoma Kichina huzichanganya. Masika aliwashonea jina la stesheni kwa uzi mwekundu ndani ya mkono wa koti, akinakili kutoka tiketi za zamani walizomwachia. Ukipotea, unakunja mkono, unamwonyesha polisi. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika China.

Novemba 2018, saa moja na dakika kumi asubuhi, Arlène, mwenzake wa kanisani, alimpigia simu ya video. Guangzhou ilikuwa saa saba mchana. Visa ya Arlène ilikuwa inaisha siku hiyo. Treni yake ya kwenda Hong Kong, ambako angehesabika ametoka China, ingeondoka saa tisa na dakika tano, na zilizofuata zote zilikuwa zimejaa.

“Yaya,” alisema, kama Wakongo wanavyomwita dada mkubwa, “wamenirudisha mlangoni mara mbili. Nikionyesha koti, wanasema ndiyo, ni hapa. Nikionyesha tiketi, hapana.”

“Isogeze tiketi. Usiitikise.”

“Siitikisi. Haya, ona.”

Masika aliikagua kama anavyokagua mshono wa fundi mwingine. Kwenye koti alikuwa ameshona Stesheni ya Mashariki, kwa kuwa miaka yote treni za Hong Kong zilitoka huko. Kwenye tiketi, alama ya tatu ilikuwa na mistari tisa. Aliijua, aliwashonea waendao Yiwu, mji wa soko la jumla. Ilikuwa Kusini. Reli mpya ya mwendo kasi ilikuwa imefunguliwa Septemba, na hakuna aliyemwambia.

“Kosa ni langu. Uko Mashariki, treni yako iko Kusini. Shuka chini, panda metro sasa hivi.”

“Ni mbali?”

“Kama saa nzima.”

“Wewe na uzi wako, Yaya.”

“Utanitukana ukishakaa.”

Hakushona kitu mpaka simu ilipolia tena, saa tatu kasoro robo kwake, saa tisa kasoro robo Guangzhou. Arlène aliinua kamera. Paa lilikuwa juu kiasi kwamba taa zake zilionekana kama vifungo vya shati, na chini yake maelfu ya watu walitembea bila kusukumana. Masika alihesabu njia za treni kwenye mabango. Alifika ishirini na sita, Arlène akaanza kukimbia.

Treni iliondoka saa tisa na dakika tano kamili. Arlène aliweka chupa ya maji mezani. Skrini juu ya mlango iliandika kilomita 298 kwa saa, kisha 305. Maji hayakucheza. Nje maghorofa yalipita, yakazidi kupita.

“Sema kitu,” alisema Masika.

“Angalia tu.”

Waliangalia mpaka mtandao ukakatika kwenye handaki.

Masika alichukua wembe, akateremsha makoti mawili yaliyokuwa yakisubiri wenyewe, akaanza kuifumua Mashariki, mstari mmoja mmoja. Alikuwa amebakiza miwili picha ilipoingia kwenye simu: muhuri wa kutoka China kwenye pasipoti ya Arlène, wenye tarehe ya siku hiyo.