Kufuli la Babu Chumvi

Siku nne mfululizo wanafunzi wa chuo kikuu na mwalimu wao walipima ardhi ya ukutani, ndani ya kiwanda cha betri kilichofungwa zamani, na siku zote nne ardhi iliwanyamazia. Walipigilia vijiti vya chuma, wakaviunganisha kwa waya, wakapitisha umeme. Udongo ulionyweshwa tindikali hupitisha umeme upesi kama mmbea apitishavyo siri. Wa ukutani ulikataa. Ulikuwa mkavu, safi, hauna hatia.

Aliyewapeleka ukutani alikuwa Babu Chumvi, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda hicho, aliyeishi na bintiye katika nyumba ndogo nyuma ya uzio. Jina hilo alilichuma kwa jasho lake. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwahi kumkamata mwizi kwa kupiga chafya, tena akalala miaka miwili akiwa amesimama, jicho moja zamu ya mchana, jingine zamu ya usiku. Wanafunzi walimpenda. Alipowaambia, "Mapipa ya uchafu yamezikwa hapa," waliandika.

Mapipa aliyazika kweli, kwa koleo lake. Lakini si hapo. Yalikuwa kando ya uzio, mwinukoni, hatua ishirini juu ya kisima cha nyumbani kwake. Msimamizi alisema ni maji machafu tu. Mke wa Babu Chumvi alipouliza, "Mmezika wapi?" mzee alimjibu, "Ukutani kule, mbali." Alitaka mama wa watu alale usingizi wake. Basi akalala, akaamka, akachota maji miaka kumi na mmoja, mpaka figo zikagoma, naye akazikwa. Na uongo ukishazikiwa mtu, kuufukua ni kazi.

Asubuhi ya tano bintiye, mwenye mimba ya miezi saba, alikuja na birika la chai.

"Mwalimu, mmeona nini?"

"Hakuna kitu, dada. Leo tunafunga kazi. Ripoti itasema eneo ni salama."

"Afadhali! Tangu nimbebe huyu nahangaika na madumu ya maji ya kununua." Akajipapasa tumbo. "Sasa nitakunywa ya kisima, kama mama."

Chai ilimpalia Babu Chumvi. Aseme, ampoteze mwanawe leo. Anyamaze, ampoteze polepole. Akatafuta njia ya tatu, kama ilivyo desturi ya waongo.

Aliingia nyumbani, akatoka na koti, na ndani ya mfuko wa koti mna kufuli la chuma kubwa kama kobe. Nje, mwanafunzi mmoja mrefu, mwembamba, waliyemwita Rula, alikuwa anamalizia na kipima sumaku. Alikuwa amevua mkanda, saa, hata vibanio vya nywele, kwa sababu mashine ile hunusa chuma kilichozikwa, wala haijui kutofautisha pipa na kibanio. Mzee alihofu kutu ya miaka imeyala mapipa yake, mashine isiyanuse bila kusaidiwa.

"Mjukuu wangu, kabla hujaizima, pita na huku uzioni. Nakusindikiza."

Walipofika mwinukoni juu ya kisima, mzee alimsogelea bega kwa bega. Namba zikaruka.

"Mwalimu! Njoo uone!"

Mwalimu akatazama namba, kisha akatazama koti, lililolalia upande mmoja.

"Babu, mfukoni kuna nini?"

"Kuna mfuko."

"Toa."

Kufuli likatoka. Wanafunzi walicheka hadi wakakaa chini. "Kumbe pipa ni babu mwenyewe!" "Ametia chumvi mpaka kwenye mashine!" Bintiye naye alicheka, ameshika tumbo, kicheko kilekile cha mama yake.

"Futa hizo namba," mwalimu akasema, akipangusa machozi. "Tufungashe."

"Rudieni," Babu Chumvi akasema. "Bila mimi."

"Babu, tumechoka."

"Nimewadanganya siku nne. Ukutani hakuna kitu. Niliyazika hapa, mapipa arobaini."

"Jana yalikuwa mia sita!"

"Arobaini. Niliyashusha shimoni mimi."

Wakacheka tena. Basi mzee akaenda mbali, hadi getini. Akavua koti, kufuli likiwa limerudi mfukoni. Akavua viatu, maana vilikuwa na misumari. Akavua mkanda wenye kishikizo cha chuma, akabaki pekupeku, suruali ameishikilia kwa mkono.

"Pita sasa!" akapaza sauti.

Rula akapita peke yake, pengine kwa kumhurumia tu. Namba zikaruka. Akapiga hatua mbili, zikaruka tena. Aliporudi kwa mstari wa pili hakuna aliyekuwa anacheka.

Bintiye aliweka vikombe chini, akamfuata baba yake getini.

"Hapo juu ya kisima, baba?"

"Hapo."

"Mama alijua?"

Hadithi ilikwisha kumjia ulimini, tamu, iliyokamilika, ina msimamizi mwenye bunduki na usiku wa mvua. Akaimeza.

"Aliniuliza. Nikamwambia ukutani."

Binti akanyoosha mkono.

"Nipe hilo kufuli."

Alilichukua, akashuka hadi kisimani, akafunika mfuniko, akalipitisha kwenye pete. Lilipobana, mlio wake ulifika mpaka getini. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Mwalimu akamwaga chai iliyobaki. Babu Chumvi alisimama palepale na suruali yake mkononi, wanafunzi wakimtazama, wakingoja aongeze kitu.

Hakuongeza.